Acheni kumwambia mtoto ainue kichwa

Wiki hii tena, mzazi kasimama ukingoni mwa bwawa akipaza sauti: "Inua kichwa, vuta hewa!" Mtoto katii. Kichwa kikapanda, makalio yakashuka, miguu ikawa inakanyaga maji badala ya kuyapiga, na punde akawa amesimama wima, anakohoa. Mzazi akaniambia mimi, mwalimu wa kuogelea, kwamba miguu ya mwanawe haina nguvu, nimwongezee mazoezi ya kushika ubao unaoelea na kupiga miguu.

Miguu haina kosa. Kwenye mtindo huru, yaani kuogelea kifudifudi mikono ikipokezana, kichwa kikipanda, kiuno na miguu huzama. Kwa watoto hali ni mbaya zaidi, maana kichwa cha mtu mzima ni takriban sehemu moja ya nane ya urefu wake, lakini cha mtoto wa miaka 5 au 6 hukaribia moja ya sita. Mzigo huo ukitoka majini, maji hayaubebi tena.

Ila hata kichwa si chanzo. Chanzo ni pumzi ambayo mtoto hajaitoa. Kaambiwa "bana pumzi", kaingia majini mashavu yamevimba. Uso ukitoka nje ana muda mfupi mno, na ndani ya muda huo atoe hewa ya zamani na avute mpya. Hauwezi kumtosha, ndiyo maana anainua kichwa: anatafuta muda. Tena ile hofu ya kukosa pumzi huletwa zaidi na kaboni dayoksaidi inayorundikana mwilini kuliko na upungufu wa oksijeni. Mtoto anahisi anakabwa, ilhali kifua kimejaa hewa!

Kwa hiyo tunaanzia ukingoni. Mikono imeshika ukingo, uso majini, hewa inatoka puani na mdomoni, kisha shavu linageuka: sikio moja limelala majini, kioo kimoja cha miwani ndani, kingine nje. Tazameni mapovu. Yakikatika kabla uso haujageuka, amebana. Yakiwa madogo na ya mfululizo, yuko sawa. Baadaye, akianza kuogelea, shavu lifuate bega na nyonga zinapoviringika. Shingo isifanye kazi peke yake. Ufundi wa mikono, yaani kuinua kiwiko na kuyashika maji kwa kiganja, utakuja kwa wakati wake, msinisumbue nao sasa.

Kuna jambo sijalipatia jibu la kuniridhisha. Mapafu yaliyojaa ndiyo boya la mtoto, na mtoto mwembamba akipuliza hewa yote mapema anazama. Huyo mimi humwambia agune "mmmm" uso ukiwa majini, hewa itoke taratibu puani, amalizie kwa nguvu anapogeuka. Wengi wanafanikiwa, wengine hapana. Pia nina shaka na sheria ya kupumua pande zote mbili kila baada ya mipigo mitatu ya mikono. Kwa mtoto anayeanza, mipigo mitatu ni mingi. Apate kwanza upande mmoja ulio mwepesi kwake.

Na hayo mashindano ya nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi, siyataki. Watoto huhema harakaharaka kabla ya kupiga mbizi, kaboni dayoksaidi inapungua, mwili unachelewa kudai hewa, na mtoto anaweza kuzimia majini kimya kimya. Mchezo huo nausimamisha papo hapo, hata kama wanaohesabu sekunde ni wazazi wenyewe.