Mkate wa brauni si lazima uwe wa ngano nzima

Juzi bibi mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, mgonjwa wa sukari, alikuja na mkate wake ndani ya kikapu, akaniwekea mezani. "Mwanangu, ulinikataza mweupe nikauacha. Mbona sukari haishuki?"

Niligeuza pakiti. Mbele palichorwa masuke ya ngano. Nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi: unga wa ngano, maji, sukari, mafuta, hamira, chumvi, na karibu na mwisho, rangi ya karameli. Nilitoa kipande nikakifinya, kikajikunja kiganjani kama pamba, pasi chembe ya kapi. Ulikuwa mkate mweupe uliotiwa rangi. Nami ndiye niliyemwambia aangalie rangi, kwa hiyo nilimwomba radhi. Tangu siku hiyo nimeacha kuzungumza rangi na wagonjwa wangu. Nazungumza unga.

Punje ya ngano ina kapi la nje, kama asilimia 14 ya uzito wake, na kiini kidogo kinachootesha mche, karibu asilimia 3. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga. Kupata unga mweupe, kinu huondoa kapi na kiini, na nyuzinyuzi nyingi huondoka navyo, pamoja na vitamini na madini. Hapa Kenya, tangu 2012, sheria huwataka wasagaji wa viwandani warudishe baadhi ya vitamini na madini hayo, chuma kikiwemo. Nyuzinyuzi hazirudi. Gramu 100 za mkate mweupe huwa na nyuzinyuzi gramu 2 au 3 hivi, na za mkate wa ngano nzima 6 au 7. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku.

Basi mkate ukishushwa kwenye boti kutoka Mokowe, upande wa bara, na kufika dukani, usitazame uso wa pakiti. Soma nyuma. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza, kwa hiyo cha kwanza kiwe unga wa ngano nzima. Ikiwa macho hayaoni au maandishi ni ya Kiingereza, mpe mjukuu akusomee. Sukari ikitajwa mapema, rudisha mkate mahali pake. Wenye presha wakumbuke chumvi pia: vipande vinne vyaweza kubeba gramu nzima, na kiwango cha siku ni chini ya gramu 5.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalipendi wanapolisikia. Hata mkate wa ngano nzima, unga wake ukisagwa laini sana, hupandisha sukari ya damu karibu kwa kasi ya mweupe. Faida yake kwa tumbo na moyo ipo, nami naitetea. Ila mwenye kisukari asile vipande vinne kwa kuwa ni "wa afya". Unaomfaa zaidi ni ule wenye punje zinazotafunika, au uliochachuka taratibu mpaka ukawa na ukali kidogo, tena ale na maharagwe, yai au samaki. Jemu haisaidii.

Sisi tuna mofa. Mkate wa mtama, uliobandikwa kwenye tanuri la udongo ukatoka na harufu ya moshi, mzito, wa kutafunwa kwa subira. Unga wa mtama uliosagwa na kapi lake una nyuzinyuzi, na hata asiyeweza kula ngano anaula. Muulize tu mpishi kama ameuchanganya na unga mweupe. Mkate wa sinia naupenda mno, lakini kwa mchele, tui na sukari ile, nauhesabu pamoja na vitamu vya futari.

Anayeoka nyumbani atie nusu unga wa ata, yaani wa ngano nzima, nusu mweupe, kisha kila wiki apunguze mweupe. Ata hunywa maji zaidi: ongeza kidogo kidogo, halafu ufunike unga upumzike nusu saa kabla ya kuukanda tena. Wengi huharakisha hapo, mkate ukatoka mgumu kama tofali, wakailaumu ata.

Bibi sasa anakula nusu mofa asubuhi na samaki wa kuchoma. Chai bila sukari imemshinda. Kutoka vijiko vitatu tumefika kimoja na nusu, na Jumatatu anarudi kupimwa.