Krismasi njema au Sikukuu njema? Mnaniuliza swali la pembeni

Kila Desemba ikikaribia naulizwa kitu kilekile, mara mtu wa utawala wa ofisi fulani, mara mwalimu mkuu, mara kaka anaechapisha mabango kule Jamatini: wakili, tuandike "Krismasi njema" au "Sikukuu njema" ili mtu asije akatulalamikia? Mi shughuli zangu ni katiba na ajira hapa Dodoma, so watu wanahisi nina kifungu mfukoni cha hiyo kitu. Sina. Hakuna sheria Tanzania inayokupangia umsalimie vipi mwenzako sikukuu ikifika, na hata huko Marekani ubishi huu ulikopamba moto hakuna pia.

Watu wengi hapo ndo wanachanganya. Kesi za Marekani zipo, ila hazihusu salamu. Marekebisho ya kwanza ya katiba yao, ya 1791, yanakataza serikali kuanzisha dini, kwa hiyo kwenye kesi hizo mahakama iliangalia je, serikali yenyewe inahubiri? Mwaka 1984 iliamuliwa kesi ya mji wa Pawtucket, ulioshtakiwa kwa kuweka pango la Noeli, zile sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, kwenye bustani katikati ya mji, na pembeni kulikuwa na nyumba ya Santa, mti, na mapambo mengine, majaji wakagawanyika 5 kwa 4 wakasema sawa, hiyo ni sherehe tu. Mwaka 1989 ikaja ya Pittsburgh, pango limewekwa peke yake kwenye ngazi kuu ndani ya jengo la mahakama, hilo likakataliwa, ila kinara cha mishumaa cha Wayahudi kilichosimama karibu na mti wa Krismasi nje ya jengo lingine kikapita. Yaani mtoto Yesu akiwa na Santa jirani aliruhusiwa, akikaa peke yake mahakamani alitolewa. Wanasheria wenyewe wa kule walikuwa wanaicheka hiyo kanuni.

Lakini kikombe cha kahawa sio serikali. Mwaka 2015 Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa ya Marekani, walitoa vikombe vyekundu vitupu bila mapambo ya Desemba, watu wakawaka mitandaoni kwamba Krismasi inafutwa, na hapo hakuna hakimu angeweza kufanya lolote, ni mfanyabiashara na wateja wake. Halafu ukirudi nyuma unakuta vituko: waliowahi kupiga marufuku Krismasi kule Massachusetts walikuwa Wakristo, tena wenye msimamo mkali, mwaka 1659 ukikamatwa unaisherehekea faini shilingi 5 za enzi hizo, sheria ikafutwa 1681. Krismasi kuwa sikukuu ya serikali kuu ni mpaka 1870. Na Rais Eisenhower mwaka 1953 alituma kadi za Ikulu zenye salamu za msimu tu, Krismasi haikutajwa, na ndo huyohuyo 1956 alisaini "In God We Trust" (Tunamtumaini Mungu) iwe kaulimbiu ya taifa. Kwa hiyo anaekwambia salamu isiyotaja dini ni njama ya juzi juzi ya wasioamini, mwambie akasome vizuri.

Sasa turudi nyumbani. Ibara ya 3 ya katiba yetu inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inasema mambo ya kutangaza dini na ibada ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mabosi wengi wakisoma hapo wanashtuka wanadhani ofisi ya umma haitakiwi hata kutamka neno Krismasi. Jamani, serikali hiyohiyo imeziweka kwenye orodha ya mapumziko kwa majina yake: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi, Idd zote mbili, Maulidi. Ukiandika jina la siku ambayo umefunga ofisi kwa ajili yake hujamhubiria mtu. Wamarekani wanajaribu serikali yao ikae mbali na dini zote, sisi tumechagua kuzipa nafasi dini zote mbili kubwa, Ukristo na Uislamu, kiongozi leo yuko kanisani kesho yuko Baraza la Idd, na hilo lina kasoro zake kwa sababu Mhindu wa hapa mjini Diwali yake haimo kwenye orodha na anaefuata mila za Kigogo naye hana siku, lakini ndo mfumo wetu ulivyo.

Nilionyeshwa grupu la WhatsApp la taasisi moja, naomba nisiitaje. Msimamizi kaweka posta ina logo na baluni, imeandikwa "Heri ya Sikukuu za Mwisho wa Mwaka". Dakika haijaisha mama mmoja wa uhasibu kajibu: "Mbona Idd mliandika Idd Mubarak, hamkuandika heri ya sikukuu ya kuandama kwa mwezi?" Kimya. Kisha dereva, Muislamu, swala tano, akaandika, "Mwandikieni mama Krismasi yake, pilau lenyewe tunakula wote." Nilivyofuatilia, hakuna Muislamu hata mmoja aliyelalamika, aliyebadilisha maneno ni bosi Mkristo aliyeogopa kwa niaba ya watu ambao hawajamtuma. Hii naiona sana, na kwa maoni yangu inaudhi kuliko salamu yenyewe.

Ila na upande wa pili uwepo. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Krismasi kabisa, na masheikh hawajakubaliana kama Muislamu ampongeze Mkristo siku hiyo au la. Kwa hiyo kutoa salamu ni sawa, kulazimisha mtu ajibu sio sawa. Msimamizi wa grupu anaeandika "kila mmoja aseme Amina" afu anahesabu nani hajajibu, huyo anaelekea pabaya, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini na bughudha nayo inahesabika humo.

Na hapa ndo pesa ilipo, kitu ambacho hamniulizi. Kifungu cha 25 cha sheria hiyohiyo: mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya umma analipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Haiangalii dini. Mlinzi Muislamu aliyekesha getini Krismasi anastahili dabo, Mkristo aliyeingia zamu siku ya Idd vilevile, na ile stori ya "kwani hii sikukuu yako?" haina mashiko kabisa. Kifungu cha 28 kinahusu makato: mchango wa pati ya mwisho wa mwaka haukatwi kwenye mshahara mpaka mtu akubali kwa maandishi au kuwe na sheria inayoruhusu. Kusema kikaoni kwamba "hakuna aliyepinga" sio maandishi.

Kaka wa mabango nimemwambia achape Krismasi iitwe Krismasi, Idd iitwe Idd, na Diwali pia kama mteja anataka, ila bango la Idd tarehe aache wazi mpaka Mufti atangaze. Nyie wa maofisini, kama mwezi huu mmekatwa hela ya pati bila kusaini chochote, nitumieni salari slipu tuanze na hiyo.