"Ina kisima" si jibu

Wiki hii nimepigiwa simu na dada anayehamia Mombasa kikazi. Ameshatumiwa picha za fleti ya vyumba vitatu Nyali: bwawa la kuogelea, lifti, jenereta, roshani inayotazama bahari. Nikamuuliza habari za maji. "Maji si shida, jumba lina kisima chake." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, nami sasa naliandikia.

Kazi yangu ni kupangisha na kusimamia fleti za aina hiyo, Kizingo, Tudor, Nyali na chache za Mji wa Kale. Kodi, amana, orodha ya vyombo, ada ya huduma, hayo yote yamo kwenye mkataba, yasome kabla ya kutia sahihi. Kutu nayo utaiona mwenyewe: ukikaa mbele ya bahari, kiyoyozi na vyuma vya dirisha vitakula pesa zako kila mwaka. Bei ya fleti yenyewe utaipatana. Lakini maji ya Mombasa hayapatani na mtu.

Kisiwa chetu, na ukanda wa Nyali kuelekea Shanzu, umekalia mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana matundu na nyufa, na bahari huingia chini yake. Mvua inapozama, maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi, kama mafuta juu ya mchuzi, ila hapa mpaka wao haujakatika wazi. Kwa hesabu ya kitaalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Wenye majumba husikia hiyo 40 wakafurahi. Igeuze. Pampu ikishusha maji ya juu kwa mita 1, chumvi inapata nafasi ya kupanda mita 40. Sasa panga majumba kumi kwenye barabara moja, kila moja na pampu yake, kila moja na bwawa la kuogelea la kujaza, na msimu wa kaskazi ambao mvua ni haba. Kisima kilichochimbwa kwa matumaini Juni, baada ya masika, ni kisima kingine ifikapo Machi.

Hili halikuanza leo. Wareno walipojenga Fort Jesus, kuanzia mwaka 1593, walijenga ndani ya ngome birika la kukinga maji ya mvua. Kisima kilichochimbwa humo baadaye kilitoa maji ya chumvi, yakatumika kuoshea.

Maji matamu ya mfereji yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye Mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayatoshi mji, kwa hiyo ni ya mgao. Siku ambazo si zamu ya mtaa wenu, jumba la kifahari linaishi kwa tangi lake, kwa boza (lori la maji), au kwa kisima. Basi swali la kwanza ni la tangi. Chukua familia ya watu wanne wakitumia lita 150 kila mmoja kwa siku: hizo ni lita 600. Fleti 20 ni lita 12,000. Tangi la lita 10,000 linaisha kabla ya siku kuisha, na ndilo tangi nililokuta chini ya jumba moja lenye sakafu ya marumaru hadi kwenye ngazi.

Swali la pili ndilo linaloniudhi, kwa sababu linaulizwa vibaya. Watu huuliza kama maji ni ya chumvi au matamu. Uliza bomba ngapi zinapanda juu. Jumba lililojengwa na mtu anayeijua Mombasa lina njia mbili: maji ya kisima yanakwenda chooni na kwenye kuosha uwanja, maji matamu yanakwenda jikoni, bafuni na kwenye hita. Maji ya chumvi si aibu. Mabibi zetu wamefua nayo miaka yote. Aibu ni kuyapitisha kwenye hita ya bei kubwa na kumwambia mpangaji ni starehe.

Nilimpangisha mama mmoja mwezi wa Juni. Nilionja maji jikoni, nikaridhika, nikamwambia ni mazuri. Machi akaniita. Shawa ilikuwa inatiririsha nyuzi tatu tu, tundu zilizobaki zimezibwa na ukoko mweupe mgumu kama ganda la chaza. Fundi alipoifungua hita, chuma chake cha kuchemshia kilikuwa kimenenepa mara mbili kwa ukoko uleule na kupasuka ubavuni. Sabuni haikutoa povu. Chai yake niliinywa, nikaona haya. Kosa lilikuwa langu: nilipima mara moja, msimu mzuri, nikaahidi mwaka mzima.

Tangu hapo natembea na kijimita cha mfukoni kinachosoma chumvi na madini yaliyoyeyuka. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya miligramu 600 za vitu hivyo kwa lita yana ladha nzuri, na yakipita 1,000 huanza kukataliwa na ulimi. Bahari yenyewe ni kama 35,000. Napima bomba la jikoni, bomba la bafuni, na kisima chenyewe ikiwa keyateka, mtunza jumba, atanifungulia. Napenda kwenda wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakiwa yamejaa, maana visima vilivyo karibu na bahari hupanda na kushuka nayo. Na hapa sina uhakika kama ninavyotaka. Kuna majumba ambayo namba hubadilika wazi kati ya maji kujaa na maji kupwa, na mengine haitikisiki, nadhani kwa sababu tangi limechanganya maji ya siku kadhaa. Namba moja haikupi ukweli. Nazihitaji angalau mbili, za miezi tofauti, na mpangaji mwenye haraka hana miezi.

Kuna jambo zito zaidi ambalo kijimita hakilioni kabisa. Sehemu kubwa ya mji huu haina mabomba ya maji taka. Majumba yana makaro. Matundu yaleyale ya matumbawe yanayoingiza bahari yanapitisha na ya karo. Maji yanaweza kusoma 400, yakawa matamu ulimini, na yakawa na vijidudu vya kukulaza hospitali. Kwa hiyo "tumeweka mashine ya kuondoa chumvi" ni habari njema, lakini uliza utando wake ulibadilishwa lini, kama jenereta inaiendesha umeme ukikatika, na maji yalipimwa maabara lini. Omba karatasi ya maabara. Ukiambiwa ipo ofisini, subiri hapohapo iletwe.

Fleti za Mji wa Kale zina chumvi nyingine, ya ukutani. Ukiona rangi inabambuka juu ya plasta ya saruji kwenye ukuta wa mawe, mwenye nyumba aliziba ukuta uliozoea kupumua kwa chokaa. Kodi yake ipunguzwe.

Yule dada nimemwambia asitume amana bado. Jumamosi ni bamvua, maji yatajaa alasiri. Tunakwenda pamoja, na keyateka ameshaahidi ufunguo wa chumba cha pampu.