Jumuiya ya Mtaa Ina Kazi Gani, na Mamlaka Yake Yanaishia Wapi

Masika yanakaribia na malalamiko yameshaanza kuingia ofisini. Mwananchi ametakiwa na jumuiya ya mtaa wake mchango wa kusafisha mtaro, hakupewa risiti, na alipouliza akaambiwa asipotoa atapigwa faini. Tunaona ni wajibu kulifafanua jambo hili mapema, kwa sababu jumuiya za mitaa hapa Zanzibar tunazihitaji na inatuuma kuziona zikivunjika kwa ugomvi wa fedha ndogo.

Jumuiya haina uwezo wa kumtoza mtu faini. Hili tumelieleza mikutano mingi ya shehia, yaani eneo la chini la utawala linaloongozwa na sheha, na bado tunaulizwa kana kwamba ni jipya. Faini hutozwa na Baraza la Manispaa, Baraza la Mji au Halmashauri kwa sheria ndogo, na anayelipa hupewa stakabadhi ya Serikali. Mchango wa jumuiya ni wa hiari. Asiyechanga anaelezwa na anaalikwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea. Hafungiwi njia wala hakatiwi maji.

Kuhusu usajili, jumuiya huandikishwa kwa Mrajis, ofisa wa Serikali anayesajili jumuiya, na kwa miaka mingi msingi wake umekuwa Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995. Anzeni kwa sheha, msimfikishie habari mwisho. Tayarisheni katiba, orodha ya viongozi, na muhtasari wa mkutano wa kuanzisha jumuiya wenye saini za waliohudhuria. Katiba iseme nani mwanachama, kiongozi anaondolewaje, na mali itakwenda wapi jumuiya ikivunjika. Kipengele hiki cha mwisho watu hukikwepa wakikiona cha kisirani, kisha siku ya kugawana viti na pauro wanafikishana Polisi. Mkishasajiliwa, taarifa na hesabu zipelekwe kwa wakati. Jumuiya isiyofuata masharti inaweza kufutwa katika daftari, na ikifutwa haina ruhusa ya kuendelea kukusanya fedha kwa jina lile.

Fedha zenyewe ziwe na kitabu cha risiti chenye nambari. Kila risiti ionyeshe tarehe, jina la mtoaji, kiasi, shughuli iliyochangiwa na saini ya mshika fedha, na kishina kibaki kitabuni. Kutoa fedha benki kuhitaji saini zaidi ya moja. Mwenyekiti asiwe yeye huyohuyo mshika fedha, hata akiwa mtu mwaminifu kiasi gani. Anayekula fedha za jumuiya amefanya kosa la jinai, na kumaliza kwa suluhu ya kikao hakulifuti kosa hilo.

Sasa mtaro. Mjini Unguja imejengwa mitaro mikubwa chini ya mradi wa huduma za miji Zanzibar (ZUSP) kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lakini maji huifikia kupitia vijitaro vya baina ya nyumba, na hivyo ndivyo vinavyoziba kwa mchanga na chupa za maji. Hapo ndipo kazi ya jumuiya ilipo. Kosa tunaloliona kila mwaka ni hili: vijana wanachota tope asubuhi nzima, wanalirundika ukingoni, wanapiga picha na kuondoka. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Gari ya kuchukua tope itafutwe kabla ya siku ya kazi. Iandikieni Manispaa barua kupitia kwa sheha, nakala kwa diwani, muitaje njia ya kupita gari na siku ya kazi. Pemba, barua iende Baraza la Mji la Wete, Chake Chake au Mkoani, na kwa Micheweni iende Halmashauri. Tuliouona mlipuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016 hatuwezi kulichukulia tope hili kuwa ni suala la usafi wa macho tu.

Jumuiya pia si tawi la chama cha siasa. Bendera za chama zibaki maskani, kwenye vijiwe vya wafuasi wake.

Jumuiya inayotaka kukaguliwa daftari zake kabla ya mvua ilete katiba, kitabu cha risiti pamoja na vishina, na muhtasari wa kikao cha mwisho kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya. Mwenyekiti na mshika fedha waje pamoja.