Eti theolojia ni mambo ya Wazungu? Dhana potofu ninazokutana nazo huku Mbeya

Kuna maneno nayasikia sana huku kwetu, kwenye haisi za Tukuyu, kwenye jumuiya, mpaka kwa watu waliosoma, na kila nikiyasikia yananiuma.

Kubwa kuliko yote ni hili: eti theolojia, yaani kufikiri kwa kina juu ya Mungu na imani, ni ya Wazungu sisi tunapokea tu, na kwa vile makanisa ya Ulaya yanabaki matupu basi Ukristo wenyewe ndo unaishia. Jamani, sio kweli. Mwaka 1910 katika kila Wakristo 100 duniani kama 66 walikuwa Ulaya, na Afrika kusini mwa Sahara hawakufika hata wawili. Kufikia 2020, kwa hesabu za Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, sisi ni karibu 31 na Ulaya ni 22. Wamoravian waliingia Rungwe 1891 wakitokea Ujerumani, leo hii hakuna nchi yenye Wamoravian wengi kama Tanzania. Sasa waumini wakihama na maswali yanahama nao.

Julai moja tulikuwa na jumuiya kwa bibi mmoja huko Rungwe, baridi ile ya kukata masikio, tumelizunguka jiko la mkaa na chai ya maziwa mkononi. Mwinjilisti kamaliza somo, bibi akauliza taratibu tu, "Mwanangu, babu yake baba yangu alikufa wamisionari hawajafika, na alikuwa mtu mwema, yuko wapi?" Watu kimya, mkaa ndo ulikuwa unasikika. Mimi nasema ile ndo theolojia yenyewe, kuliko mambo mengi tunayokaririshwa. Padri Charles Nyamiti, Mtanzania mwenzetu, alitoa kitabu 1984 akimweleza Kristo kama mhenga wetu, yaani alianzia pale pale alipokaa yule bibi. Na hata hili jina Kyala tunalomwitia Mungu kwa Kinyakyusa, Monica Wilson aliyefanya utafiti huku miaka ya 1930 aliandika kwamba zamani lilikuwa la shujaa wa kale aliyeheshimiwa kama mhenga, wamisionari ndo wakalichukua likawa la Mungu. Kuchagua jina tu tayari ni kufanya theolojia, na wazee wetu walikuwepo.

Halafu wapo wanaosema theolojia ikileta jambo jipya ni uzushi. Kristo ni yule yule, sawa, ila neno Utatu halimo kwenye Biblia. Wa kwanza tunayemjua kuliandika kwa Kilatini ni Tertullian wa Karthago, Tunisia ya leo. Na kwenye mtaguso wa Nikea mwaka 325, ule mkutano wa maaskofu uliotetea uungu wa Kristo, alikuwepo Athanasio, shemasi kutoka Misri. Afrika tena!

Eti sayansi itaua imani? Nadharia ya mlipuko mkuu, ile ya jinsi ulimwengu ulivyoanza, ilianzia kwa Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji. Tuendelee.

Linalonikera zaidi ni hili la "panda mbegu upokee gari", yaani toa sadaka Mungu akutajirishe, kuitwa Ukristo wa Kiafrika. Mizizi yake ni Marekani, kwa wahubiri kama Kenneth Hagin. Mama anauza viazi wiki nzima, anatoa mtaji wote madhabahuni, akirudi mikono mitupu anaambiwa imani yako ndogo. Hapana kwa kweli, hapo wanatheolojia wetu wasinyamaze.

Mwisho, eti mazingira ni siasa hayahusu kanisa. Papa Fransisko aliyaandikia waraka mzima mwaka 2015, na sisi tunao mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 unakauka kila kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha, sababu kubwa ikiwa maji yanayochepushwa juu kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Mwenye jaruba Mbarali na mwenzake wa chini anayekosa maji wote Jumapili wanasali Baba Yetu, wote wanaomba mkate wa kila siku, na mkate wenyewe unatoka kwenye mto mmoja. Mchungaji anayesimama kuwahubiria hao wawili anahitaji theolojia ambayo hataikuta imeandikwa tayari Ujerumani.