Mtunza stoo hajakataa mabadiliko

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, safari hii katika ofisi moja Mikocheni, na mkurugenzi ninayemheshimu: "Dada, tatizo letu siyo mfumo. Watu wetu hawapendi mabadiliko." Akanipa na ushahidi. Mtunza stoo wa gudauni lao la Barabara ya Nyerere, mzee anayekaribia kustaafu, mfumo mpya wa stoo wa kompyuta umewashwa tangu Machi na yeye bado anaandika kwenye daftari.

Nasimamia miradi na kuandaa wafanyakazi kwa mabadiliko hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi na sita sasa. Sentensi hiyo nimeisikia benki, kiwandani na hospitalini. Nimechoka kuijibu kwa mtu mmoja mmoja, ndiyo maana naandika.

Hawapendi mabadiliko akina nani? M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, watu wa umri wa mzee huyo walijifunza kumtumia mama pesa kijijini bila semina hata moja. Usiku wa 31 Desemba 2012 matangazo ya televisheni ya analojia yalizimwa Dar es Salaam, ving'amuzi vikanunuliwa. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na wiki hiyo hiyo watu wakaenda sokoni na vikapu. Kufikia Januari 2020 mji mzima ulikuwa umepanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole.

Utasema mengi ya hayo yalikuwa ya lazima. Ni kweli, na yapo yaliyoumiza watu. Waulize waliokuwa wanaishi kwa kuuza mifuko. Lakini angalia jambo la mifuko lilivyowafikia watu. Lilitangazwa bungeni mwezi Aprili, likawa na tarehe moja na kitu kimoja cha kuacha, na muuza nyanya wa Buguruni aliweza kumweleza mteja wake kwa sentensi moja. Sasa mwombe meneja wako yeyote akueleze kwa sentensi moja ni nini kinachobadilika kwenye kampuni yenu mwezi ujao.

Nilikwenda gudauni Jumanne asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa mradi upi?"

Swali hilo lilinitosha. Kampuni ina miradi mitano inayotembea kwa wakati mmoja: mfumo mpya wa stoo, upangaji upya wa rafu, maandalizi ya cheti cha ubora cha ISO 9001, madaraja mapya ya mishahara, na mpango wa kuhamishia gudauni Kibaha. Kila mradi una msimamizi wake, mpango kazi wake, na jedwali lenye rangi ya kijani, yaani mambo shwari, linalopelekwa kwenye kikao cha menejimenti kila mwezi. Kila msimamizi amehesabu kazi yake peke yake. Hakuna aliyehesabu mzee.

Nilichukua karatasi moja, majina upande wa kushoto, wiki juu. Wiki ya pili ya Juni mzee anatakiwa kwenye mafunzo ya mfumo saa 16, kuhesabu mali kwa ajili ya rafu mpya saa 20, kuandika taratibu za ISO saa 10, na mahojiano ya madaraja saa 3. Jumla ni saa 49 za miradi. Kisheria saa za kawaida za kazi nchini kwetu hazizidi 45 kwa wiki, na hapo hajapokea lori hata moja.

Na lile daftari? Mfumo mpya hauruhusu kuingiza mzigo bila namba ya rafu. Mradi wa rafu unabadilisha namba zote kufikia Julai. Mzee aliona kwamba kila anachoingiza leo atakiingiza upya baada ya miezi miwili, akaamua kusubiri, na wakati anasubiri anaandika kwa mkono ili mzigo usipotee. Siku ile niliyokwenda, daftari lake ndilo lililokuwa kumbukumbu pekee sahihi ya mali iko wapi. Wasimamizi wawili wa miradi hiyo wanakaa meza zinazotazamana.

Kabla sijafika kwenye mawasiliano, suala la idadi ya miradi. Hili nitalipita haraka maana ni hesabu tu. Mwaka 1961 John Little, mtaalamu wa hesabu za foleni, alithibitisha kanuni ambayo mtu yeyote anayevuka Kigamboni anaijua mwilini: muda wa kusubiri, kwa wastani, ni idadi ya vilivyo kwenye mfumo ukigawa kwa kasi ya vinavyotoka. Tuseme magari 200 yako kwenye foleni ya pantoni na pantoni inabeba 50 kwa safari. Wa mwisho atapanda safari ya nne, honi apige asipige. Kampuni yenye miradi 12 iliyo wazi, inayokamilisha minne kwa mwaka, kila mradi utachukua miaka mitatu kwa wastani. Ukitaka uishe mapema, usifungue wa kumi na tatu. Wakurugenzi hunikubalia kwa kichwa, kisha Jumatatu wanafungua wa kumi na tatu.

Sasa mawasiliano. Hapa ndipo ninapoombwa "kuandika tangazo zuri", na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kwenye ubao wa gudauni lile kulikuwa na karatasi: "Mnataarifiwa kuwa Kampuni imeanza safari ya mageuzi ya kidijitali ili kuongeza ufanisi. Mnaombwa kutoa ushirikiano."

Isome kama anavyoisoma mpakiaji. "Mnataarifiwa": na nani? Hakuna jina la mtu wa kuuliza. "Safari": tunaenda wapi, tunafika lini? "Ufanisi": kwa sikio la mtu wa gudauni neno hilo maana yake ni kupunguzwa kazi, kwa sababu mara ya mwisho alipolisikia wenzake wanne waliondoka. Na "kutoa ushirikiano" ndilo linalonikera kuliko yote. Kitenzi chenyewe ni kushirikiana. Ile "-ana" inadai pande mbili, ni kama kusalimiana na kusaidiana. Huwezi kumwomba mtu mmoja akutolee kusalimiana. Mwandishi wa tangazo hakutaka kushirikiana na mtu. Alitaka watu wanyamaze, akakosa ujasiri wa kuliandika hivyo.

Tangazo lile liliandikwa kwanza kwa Kiingereza, ghorofani, kisha likageuzwa neno kwa neno. Naliona kila mwaka. Kampuni inayofanya vikao vya menejimenti kwa Kiingereza na kazi kwa Kiswahili inadhani kinachohitajika ni mtafsiri, wakati kilichokosekana ni maudhui. Jaribu kuliandika jambo moja kwa moja kwa Kiswahili cha gudauni na utagundua hujui unachotaka kusema. Nilimwandikia mkurugenzi mfano huu:

"Kuanzia Jumatatu ya wiki ya kwanza ya Agosti, mzigo ukiingia hautaandikwa kwenye daftari, utasomwa kwa kifaa cha mkononi. Wiki mbili za kwanza kijana wa tehama atakuwa hapa gudauni kuanzia saa moja asubuhi. Hakuna atakayepunguzwa kwa sababu ya kifaa hiki. Kuhusu kuhamia Kibaha, bado hatujaamua. Tarehe 30 Mkurugenzi atakuja mwenyewe kuwaeleza tulipofikia, hata kama jibu litakuwa bado."

Akaniuliza kama ile sentensi ya kupunguzwa inaweza kuondolewa, "kwa tahadhari". Nikamwambia kama si kweli aiondoe, lakini ajue kuwa itakapokosekana ndiyo itakayosomwa kuliko zote. Alikaa nayo siku mbili. Ameiacha.

Jambo jingine ni nani anasema. Watu wanadhani mkurugenzi akisimama mbele ya wafanyakazi wote, kazi imekwisha. Mkurugenzi anamaliza, anauliza "kuna swali?", kimya, anashukuru, anaondoka akisema wameelewa. Mbele ya mkubwa mtu mwenye adabu hainui mkono kuuliza mshahara wake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe unasikika saa nne kwenye chai, pale watu wanapomzunguka sapavaiza. Kama sapavaiza naye amesikia dakika ileile, atajibu "hata mimi nimesikia leo," na tangazo limekufia hapo. Kwa hiyo sapavaiza ajue siku mbili kabla, apewe majibu, na apewe ruhusa ya kusema "hilo sijui, nitakuletea Alhamisi". Na Alhamisi alete.

Nisaidieni pia kuizika ile slaidi ya asilimia 70, kwamba asilimia 70 ya miradi ya mabadiliko hushindwa. Chanzo chake kinachotajwa zaidi ni waandishi wa vitabu vya uongozi Michael Hammer na James Champy, mwaka 1993, walipoandika kati ya 50 na 70 na kukiri wenyewe kuwa ni makadirio yasiyo ya kisayansi. Mwaka 2011 mtafiti Mark Hughes alifuatilia namba hiyo na hakukuta ushahidi halali nyuma yake. Mshauri anayeionyesha anakuuzia woga.

Ushahidi ninaoupenda ni mkongwe zaidi. Mwaka 1948 watafiti Lester Coch na John French walichapisha jaribio lililofanyika kwenye kiwanda cha nguo za kulalia huko Marion, Virginia, Marekani. Kazi ilikuwa inabadilishwa. Kundi moja liliitwa na kuambiwa tu. Makundi mengine matatu yalishirikishwa, moja kupitia wawakilishi, mawili kila mtu. Katika kundi lililoambiwa tu, uzalishaji ulishuka ukabaki chini, na asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40. Yaliyoshirikishwa kikamilifu yaliinuka haraka na kuishia karibu asilimia 14 juu ya pale walipoanzia. Lakini sehemu ninayomsomea kila mkurugenzi ni hii: miezi miwili na nusu baadaye, waliobaki wa lile kundi la kwanza walikusanywa tena, wakabadilishiwa kazi tena, safari hii wakishirikishwa wote. Wakainuka. Ni watu walewale, na "kutopenda mabadiliko" kwao kulikuwa kumeenda wapi?

Wakufunzi huishia hapo. Haki inataka niendelee. French na wenzake walirudia jaribio la aina hiyo kiwandani Norwe, wakachapisha mwaka 1960, na safari hiyo uzalishaji haukuonyesha tofauti ya maana. Nadhani, na hapa ni mawazo yangu, watu waliozoea kusemewa na chama chao cha wafanyakazi, kama wale, hawaoni kikao cha bosi kuwa ndiyo kushirikishwa. Tangu nilisome hilo, kwenye kampuni yenye tawi la chama cha wafanyakazi naanza na tawi, hata kama menejimenti inanuna.

Lipo swali ambalo miaka kumi na sita haijanijibu: useme mapema kiasi gani? Kwenye kupunguza wafanyakazi sheria imeamua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria jambo hilo, atoe sababu, na ajadiliane kuhusu njia za kuliepuka na namna ya kuchagua watakaoondoka. Kubadili mahali pa kazi nako hakumalizwi na karatasi ya ubaoni: ni moja ya maelezo ya maandishi ya mwajiriwa, na yakibadilika yanarekebishwa kwa kushauriana naye. Mtu anayetoka Gongo la Mboto kwenda Kibaha kila asubuhi ana hesabu ya nauli ambayo lazima ukae naye muipige.

Ila yale yaliyo katikati, ambayo hayajaamuliwa, nimeyafanyia makosa pande zote. Kwenye kampuni moja nilishauri waseme miezi minane kabla. Mafundi watatu hodari wakatafuta kazi kwingine, na mwishowe mpango wenyewe ukafutwa. Kwenye nyingine tulisubiri mpaka kila kitu kikamilike, watu wakajua kupitia dereva aliyempeleka mkurugenzi kuangalia kiwanja. Tangu siku hiyo hakuna tangazo letu lililoaminiwa, hata la tarehe ya mshahara. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua mapema. Lakini wale mafundi watatu bado nawafikiria, na sina uhakika kwamba niliwatendea haki waliobaki na kazi zao.

Mkurugenzi wa Mikocheni nilimwachia kazi moja: orodha ya miradi yote iliyo wazi, na chini ya kila mradi majina ya watu, si vyeo. Ameituma jana usiku. Imegeuka miradi saba, miwili sikuwa nimeambiwa. Jina la mzee limo kwenye mitano, na la binti wa uhasibu ambaye sijaonana naye limo kwenye sita. Tunakutana Alhamisi saa tatu kuamua ipi isimame, na nimeomba kikao kifanyikie gudauni, wao wawili wakiwepo.