Akiba ya gitaa si lazima iwe prosesa ya pili

Wapiga gitaa wengi wa benga hapa Kisumu huamini kwamba asiye na prosesa mbili zinazofanana (vifaa vya kuunda sauti ya gitaa) hana akiba ya kumwokoa kimoja kikikwama jukwaani. Si kweli. Mara nyingi kinachoharibu shoo ni waya, adapta au stima kupotea kidogo: prosesa huanza kujiwasha upya huku bendi ikiendelea kupiga. Nayo gitaa ikichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) hutoa sauti iliyofifia, kwani pikapu za kawaida (vinasa mtetemo wa nyuzi za gitaa) hutaka ingizo lenye ukinzani mkubwa, kama ohmu 1,000,000. Kisanduku cha DI cha betri, kinachokaa kati ya gitaa na mikisa na kulinganisha mawimbi yake, hutatua hilo. Mimi huongeza pedali ndogo ya kuiga sauti ya ampu (kikuza sauti cha gitaa), waya na adapta ya volti 9. Vyote huingia mfuko wa gitaa, hata ukipanda boda.